Jasho la Martha Wash

Mwaka 1991 kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya nyimbo kwenye karatasi za kanda. Duka lilikuwa Kariakoo, chumba kimoja kisichozidi upana wa vitanda viwili: deki nne ukutani, feni moja iliyompepea bosi peke yake, na ubao mlangoni wenye orodha ya nyimbo mpya. Mteja alileta kanda yake tupu, TDK au Maxell, akachagua nyimbo, akaacha hela, kesho yake akaifuata. Bosi, ambaye sote tulimwita Bro, ndiye aliyerekodi. Mimi nilipewa kalamu kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, na kwa kuwa hakuniamini na deki zake.

Wimbo ulionichosha mkono mwaka huo ni "Gonna Make You Sweat" wa kundi la C+C Music Factory la Marekani. Kila kanda iliyoingia dukani ilitaka kutoka nao. Mwanzoni niliandika kila kitu kama nilivyokikuta kwenye jalada: jina la wimbo, jina la kundi, halafu Freedom Williams, yule kijana aliyekuwa akichana katikati. Baada ya wiki mbili nikachoka, nikaanza kukata: "C+C – Sweat". Wateja walielewa.

Kama unadhani huujui wimbo huo, unaujua. Umo kwenye filamu, kwenye matangazo ya biashara, kwenye viwanja vya mpira wa kikapu, na mpaka leo MC wa harusi akiona ukumbi umepoa huukimbilia. Sauti ya mwanamke inapasuka kwanza, maneno matatu tu, ngoma bado haijaingia. Pale haimbi, anaita, kama mtu aliyesimama ng'ambo ya mto. Kisha ngoma inadondoka, gitaa linakwaruza, na waliokaa wanasimama. Ukiiondoa sauti ile, kinachobaki ni mdundo mzuri kama midundo mingine mingi ya miaka ile. Najua maprodyuza watanibishia. Waje tubishane.

Mbele ya duka letu alikuwapo mama ntilie. Siku sita za juma aliuza wali maharage, na Jumapili alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisani kwao. Mchana mmoja Bro aliupiga wimbo ule kwa spika ya nje, kama alivyofanya kila mchana, na yule mama akasimama na upawa mkononi.

"Mwanangu, huyo anayeimba ni nani?"

"Anaitwa Zelma Davis, mama."

Nilijibu kwa uhakika kwa sababu nilikuwa nimemwona. Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo video za muziki zilitufikia mikononi mwa mabaharia na jamaa waliorudi kutoka nje. Bro alikuwa na kanda moja ya video, imechakaa kwa kurudishwa nyuma, na ndani yake alikuwamo huyo Zelma, msichana mwembamba, mzuri, midomo yake ikifuata kila neno. Vijana wa mtaa walikuwa wakilipa soda ili wamwone. Bro akamwita yule mama ndani, akamwonyesha.

Mama akatazama kidogo, akatikisa kichwa. "Huyu hapana. Sauti hiyo ni ya mtu mzima. Huyo ni mtu wa kwaya, sikiliza pumzi inatokea wapi." Akatuonyesha kwa upawa, chini ya kifua.

Tulicheka. Bro akamwambia arudi kwenye sufuria yake, maharage yanaungua. Na mimi nikaendelea kuandika.

Yule mama hakukosea hata neno moja. Mwenye sauti ile ni Martha Wash, mzaliwa wa San Francisco wa mwaka 1953, aliyejifunzia kuimba kanisani kama wenzake wengi weusi wa Marekani. Mwaka 1991 alikuwa na umri wa miaka 37, na hakuwa mgeni wa muziki wa kucheza. Miaka ya 1970 yeye na mwenzake Izora Rhodes walimwitikia Sylvester, mfalme wa disko wa San Francisco, na baadaye wakajiita Two Tons O' Fun, yaani tani mbili za raha. Walikuwa wanene, wakafanya unene wao kuwa jina la biashara. Mwaka 1982, wakiwa sasa wanaitwa The Weather Girls, walitoa "It's Raining Men", wimbo ambao mpaka leo haujazeeka.

Sasa niwaseme wenye kundi, na niwaseme kwa haki, kwa sababu hawakuwa wababaishaji. Zile C mbili ni Robert Clivillés na David Cole. Clivillés ni mtoto wa New York mwenye asili ya Puerto Rico, DJ. Cole alitokea Tennessee, na kinanda alikipiga kwa kipaji cha kuzaliwa. Walikutana kwenye klabu ya Better Days, Manhattan, ambako Cole alikuwa na mtindo ambao ningetoa mshahara wa mwezi kuushuhudia: DJ anapiga santuri, yeye anakaa pembeni na kinanda chake, anaupamba wimbo ule ule hapo hapo mbele ya wachezaji. Kutoka hapo wakawa mafundi wa kuchanganya upya nyimbo za wengine, kisha wakaanza kutengeneza makundi yao wenyewe.

Mikono yao utaikuta kila mahali ukiitafuta. "Emotions" ya Mariah Carey ya mwaka 1991 waliitunga na kuitengeneza pamoja naye. "I'm Every Woman" ya Whitney Houston, ile ya filamu ya The Bodyguard, wamo, na albamu hiyo ilipopata Grammy ya albamu bora mwaka 1994 nao walihesabiwa miongoni mwa washindi. Aretha Franklin mwenyewe aliimba wimbo wao. Kuhusu C+C Music Factory, "Gonna Make You Sweat" ilishika namba 1 Marekani mwezi Februari 1991, albamu ikathibitishwa kuuza zaidi ya nakala milioni 5 nchini humo peke yake, na nyimbo mbili nyingine kutoka albamu hiyo hiyo zikaingia tano bora. Kwa watu wawili waliotoka nyuma ya kinanda na meza ya DJ, hayo si mafanikio ya kubahatisha.

Lakini walikuwa na ugonjwa mmoja, na haukuanzia kwenye wimbo huo. Mwaka 1989 walikuwa na kundi la wasichana watatu lililoitwa Seduction. Kwenye mmoja wa nyimbo zake sauti kuu haikuwa ya msichana yeyote kati ya wale watatu. Ilikuwa ya Martha Wash, na hakutajwa. Wakati huo huo kundi la Black Box la Italia lilimwita kurekodi, yeye akielewa kuwa anatengeneza demo tu, mtu mwingine atakuja kuimba. Mtu mwingine alikuja kweli, lakini hakuimba. Alikuwa mwanamitindo wa Kifaransa, Katrin Quinol, na kazi yake ilikuwa kufungua mdomo. Kwa hiyo kati ya mwaka 1989 na 1991 mwanamke mmoja alikuwa na nyimbo kadhaa kwenye chati kwa wakati mmoja, za makundi matatu tofauti, na hakuna aliyemjua. Kwenye C+C alilipwa mara moja, malipo ya mwimbaji wa studio, akaenda nyumbani. Video ikatengenezwa, Zelma akiwa ndani yake.

Sababu ilijulikana na kila mtu, na Martha mwenyewe hajawahi kuizunguka: mwili wake. Ilikuwa zama za MTV, na wenye kampuni waliamini kijana wa Marekani hawezi kucheza sauti ya mwanamke mnene. Hapa mimi mtu wa Pwani nashindwa kuwaelewa. Kwetu kwenye taarabu, mwimbaji mwenye mwili wake akisimama na kuliweka sawa dera lake, ukumbi unajua sasa mambo yameanza. Na kuna jambo jingine kwenye taarabu ambalo Wamarekani wale walilikosa: kutunza. Ukiguswa na sauti unainuka na noti yako, unacheza mpaka mbele, unampa mwenye sauti mkononi. Huwezi kumtunza asiye yeye. Siti binti Saad alipovuka bahari mwaka 1928 kwenda kurekodi Bombay, watu wengi walionunua santuri zake hawakuwahi kumwona uso, lakini jina walilijua. Sauti ilisafiri na jina lake, uso ukabaki Unguja. Wale wa New York waliuuza uso, wakaliacha jina studio.

Martha hakukaa kimya. Mwishoni mwa mwaka 1990, muda mfupi baada ya wale vijana wa Milli Vanilli kunyang'anywa Grammy yao kwa kuigiza kuimba, alifungua kesi. Yaani wimbo ulipofika namba 1, na mimi nilipokuwa nauandika kwa mara ya mia, shauri lilikuwa tayari liko mahakamani Marekani. Kwa upande wa Black Box, kampuni ya RCA ilimalizana naye, na sehemu ya makubaliano ikawa mkataba wa kurekodi albamu zake mwenyewe. Kwa upande wa C+C walimalizana mwaka 1994, na Sony ikaiomba MTV iweke maandishi kwenye video: sauti ni ya Martha Wash, na Zelma Davis yupo kwa ajili ya "mwonekano". Nimelitafsiri neno lao kadiri nilivyoweza. Sijawahi kuona kazi nyingine duniani inayoitwa hivyo.

Na nimwondoe Zelma lawamani hapa hapa, maana watu humcheka yeye. Ni mzaliwa wa Liberia, na anajua kuimba. Sauti kuu ya kike kwenye "Just a Touch of Love", kwenye albamu ile ile, ni yake mwenyewe, na ni sauti nzuri. Alikuwa msichana mdogo aliyepewa nafasi akaambiwa simama hapa, fungua mdomo pale. Ukweli ulipotoka, hata nyimbo alizoziimba kwa koo lake zikatiliwa shaka. Pleibeki ile ilimla na yeye.

Wapo wanaosema: si alilipwa? Aliuza sauti yake siku ile, mnunuzi aitumie apendavyo, kama mtu aliyeuza mbuzi haulizi atapikwa pilau au supu. Nimeisikia hoja hii kwa Wamarekani na nimeisikia Sinza. Mbuzi akishauzwa hana haja ya kuuzwa tena mwezi ujao. Mwimbaji anayo. Malipo ya studio yanamlisha juma lile, lakini kinachomwita kwenye kazi inayofuata, kwenye onyesho, kwenye mkataba, ni jina lililoandikwa kwenye kazi iliyotangulia. Unapoliacha jina lake umechukua sauti ya leo na riziki ya kesho, na umelipia moja tu.

Nina mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayeimba viitikio kwenye studio za Dar es Salaam. Sitaitaja studio wala msanii. Mwaka juzi alilipwa shilingi elfu hamsini kuimba kiitikio cha wimbo ambao baadaye ulikuwa ukipigwa kila kona. Siku moja yuko kwenye daladala ya Mbagala, amesimama, amebanwa mlangoni, redio inaupiga. Konda anakiimba kiitikio chote, mkono mmoja unagonga bati. Mpwa wangu akamwambia, kaka, huyo ni mimi. Konda akamwangalia kuanzia kandambili mpaka kitambaa cha kichwani, akasema, "Sista, lipa nauli."

Alipompigia prodyuza kuuliza kwa nini jina lake halipo hata kwenye maelezo chini ya video, aliambiwa, "Mdogo wangu, we si ulishapewa chako?" Maneno yale yale. Kwenye video kuna msichana mwingine, mrembo kweli, anafungua mdomo.

Mpwa wangu akaniuliza mimi, mjomba wake mwenye maneno mengi, afanye nini. Nikamwambia sheria ipo. Tangu mwaka 1999 tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, na hilo neno la pili, hakishiriki, walioliunda walistahili kutunzwa. Ni haki ya aliyeshiriki: hakutunga, hakumiliki studio, lakini kazi imepita kwenye mwili wake, iwe ni koo, vidole au mguu. "Ulisaini nini?" nikamuuliza. Hakusaini kitu. Walielewana kwa mdomo, saa nne usiku, prodyuza akamtumia hela kwenye simu. Sasa ukienda na hilo kwa mwanasheria, atakukaribisha chai.

Ndiyo maana hasira yangu siielekezi mahakamani, naielekeza kwenye kalamu. Clivillés na Cole wangeweza kumweka Zelma kwenye video na bado wakaandika kwenye jalada: sauti, Martha Wash. Isingewagharimu hata senti ya wino. Wangekuwa na wimbo ule ule, chati ile ile, na mwanamke mmoja asingelazimika kutafuta wakili ili atambuliwe kwa sauti yake. Ushahidi kwamba haikuwa vigumu wameutoa wenyewe: mwaka 1994, baada ya kumalizana, walimwita Martha aimbe kwenye albamu yao ya pili. Safari hii jina lake lilikuwapo. Wimbo uliitwa "Do You Wanna Get Funky", ukafanya vizuri kwenye kumbi za kucheza, na dunia haikuanguka.

Kundi lenyewe halikudumu sana baada ya hapo. Freedom Williams alikuwa ameshaondoka kutafuta maisha yake. Tarehe 24 Januari 1995 David Cole alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyotokana na UKIMWI, akiwa na miaka 32. Miaka 32! Kila nikisikia kinanda cha "Emotions" nahesabu ni nyimbo ngapi zilizikwa naye. Clivillés alitoa albamu moja zaidi ya kundi mwaka huo huo, kisha kiwanda kikafungwa. Miaka kadhaa baadaye Williams, mchanaji, alikwenda kulisajili jina la C+C Music Factory kama alama ya biashara, akawa anatembea nalo kufanya maonyesho, na Clivillés, mmoja wa zile C, akabaki analalamika. Mtu aliyeona jina la Martha si kitu akajikuta anagombania lake.

Na mimi je? Bro alikuja kufunga duka, kanda zikafa, CD zikafa. Kwa hesabu ya haraka nimeandika jina la wimbo ule kwenye mamia ya karatasi, na kwenye zote nilifuata kilichokuwa kwenye jalada. Naweza kujitetea kwamba sikujua. Lakini aliyenijuza alikuwa amesimama hatua tano kutoka mezani kwangu, ana upawa mkononi, anaimba kila Jumapili, na nilimcheka kwa sababu mimi nilikuwa na picha na yeye alikuwa na masikio. Nilipokuja kusoma habari za Martha Wash, kwenye gazeti la Kiingereza lililokuja limefungia sahani za mteja mmoja, nilitoka nje kumtafuta. Alikuwa amehama, nikaambiwa amekwenda Buguruni. Sikumfuata, na sikumbuki kama niliwahi hata kumuuliza jina lake.

Watangazaji wa redio mnaosoma majina ya walioshirikishwa, someni na ya waitikiaji. Maprodyuza, kabla hamjamvalisha mtu vile visikilizio, muulizeni anaandikwaje jina lake, herufi kwa herufi. Na wewe MC, Jumamosi hii ukumbi ukipoa na ukaukimbilia wimbo ule, mtaje kwanza: Martha Wash. Mtaje kabla hujabonyeza, kwa sababu ukishabonyeza umechelewa. Yeye ndiye anayeanza.